KINACHOLALA KIANDIKWE SIKU YAKE

Kiporo si aibu. Katika nyumba za Watanzania walio wengi ugali uliobaki usiku huliwa asubuhi kwa chai, na maharage ya jana hupashwa moto yakaliwa leo, wala hakuna amwonaye jirani yake kuwa amekosa adabu. Wahenga walisema akiba haiozi, na mama afunikaye chungu chake usiku huwa anaiwekea nyumba yake akiba. Lakini mama huyo anajua jambo moja, nalo ndilo linaloilinda nyumba nzima: anajua siku na saa aliyopika. Hana haja ya kuiandika popote, maana mpishi na walaji ni watu wa nyumba moja. Akisema, "Hiki kimekaa mno, wanangu, msikiguse," basi shauri limekwisha.

Mambo hubadilika chakula kinapouzwa. Dereva wa lori la makaa ya mawe atokaye Ngaka, akisimama Kitai kununua wali na samaki, hamjui aliyepika. Kibarua aliyeshinda akichuma kahawa katika vilima vya Umatengo, anaponunua chapati mbili jioni mjini Mbinga, hajui kama zilitoka motoni asubuhi ya leo au jana. Msafiri anayengoja meli Mbamba Bay, na mtoto wa shule wa Liuli mwenye shilingi zake chache za sambusa, wote wananunua kwa imani tu. Kile ambacho mama alikijua kwa kuwa alikuwapo, mnunuzi hakijui kwa kuwa hakuwapo. Yuko mtu anayejua, naye ni muuzaji. Na mara nyingi hasemi.

Sisi twasema muuzaji aseme, tena aseme kwa maandishi. Chakula chochote kilicho tayari kuliwa, ambacho huharibika upesi, kikiwa kimelala hata usiku mmoja kabla ya kuuzwa, kiandikwe siku yake. Hilo ndilo tunalolidai leo, na tutaeleza kwa nini tunaliona kuwa ni haki ya mfanyakazi na si upendeleo wa mwenye duka.

Kwanza tutazame sheria inasemaje, maana wako watu wanaodhani nchi yetu haina sheria ya jambo hili. Sheria ipo. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 iliweka usimamizi wa chakula chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa, na tangu Julai 1, 2019 kazi hiyo imo mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS, shirika lililoanzishwa mwaka 1975. Nchi za Afrika Mashariki zina kiwango chao cha pamoja cha lebo za vyakula vilivyofungashwa, kiitwacho EAS 38. Juu ya hivyo upo mwongozo wa dunia nzima uliotolewa mwaka 1985 na tume ya Codex Alimentarius, ambayo mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, FAO na WHO, yaliianzisha mwaka 1963. Sehemu ya mwongozo huo inayohusu tarehe ilirekebishwa mwaka 2018. Kwa hiyo pakiti itokayo kiwandani na kufika katika duka la Mbinga bila tarehe haikukosa tarehe kwa sababu sheria imenyamaza. Imekosa kwa sababu mtu ameivunja sheria, na mtu mwingine amefumba macho.

Lakini yafaa tuone tundu lilipo. Sheria hizo zilitungwa hasa kwa ajili ya chakula kilichofungwa kiwandani. Zinaisemea pakiti ya biskuti, kopo la samaki na chupa ya soda. Sasa tujiulize: ni kipi huharibika upesi zaidi, biskuti au maharage yaliyopikwa? Soda au maji ya matunda yaliyokamuliwa na kutiwa katika chupa iliyokwisha kutumika? Kopo la samaki au samaki wa kukaanga aliyelazwa katika kabati la kioo? Kila mtu anajua jibu. Basi tumefika mahali pa ajabu: chakula kinachoweza kukaa mwaka mzima kina tarehe, na chakula kisichoweza kukaa siku mbili hakina. Mwenye fedha ya kununua cha kopo analindwa. Mwenye kununua sahani ya wali na maharage anaachiwa bahati yake.

Mwongozo wa dunia tulioutaja una msamaha mmoja unaostahili kufikiriwa. Unasema kwamba mikate, maandazi na vitu vya namna hiyo ambavyo kwa kawaida huliwa ndani ya saa 24 tangu kutengenezwa havilazimiki kuwekewa tarehe. Msamaha huu una busara. Hakuna mwenye akili atakayemtaka mama auzaye maandazi saa kumi na mbili asubuhi aandike tarehe juu ya kila andazi, hali yote yatakwisha kabla ya saa nne. Lakini tuitazame sababu ya msamaha wenyewe: unatolewa kwa kuwa kitu hicho huliwa siku ile ile. Andazi likishalala, sababu ya msamaha imekwisha. Hapo ndipo tunapouona mpaka ulio wazi, unaoweza kueleweka na kila mtu, msomi na asiyesoma: cha leo kiuzwe leo bila maandishi, kinacholala kiandikwe.

Wako watakaosema kwamba jambo hili ni la miji mikubwa, na kwamba huku Mbinga na ufukweni Nyasa watu wamekula hivi tangu zamani bila kudhurika. Twajibu kwamba mambo mawili yamebadilika, nayo yamebadilika mbele ya macho yetu.

La kwanza ni barabara. Zamani samaki wa ziwani alipanda mlima kwa taabu, na ilikuwa lazima akaushwe au abanikwe sana ndipo afike Mbinga akiwa anafaa. Wazee wetu walijua kazi yao: dagaa waliokaushwa vizuri juani na samaki waliobanikwa kwa moshi ni vyakula vilivyokwisha kukingwa, wala hatudai leo kwamba kila fungu la dagaa wakavu sokoni liandikwe tarehe. Lakini sasa iko lami ya kilomita zipatazo 67 toka Mbinga hadi Mbamba Bay. Samaki aliyekaangwa asubuhi ufukweni huuzwa mjini mchana, na akibaki hulazwa akauzwa kesho yake. Vivyo hivyo maziwa ya paketi kutoka mikoa ya Iringa na Njombe, soseji na mikate hushuka kutoka Songea hadi Mbinga, na kutoka Mbinga hadi ziwani. Barabara ni neema kubwa nasi twaifurahia. Lakini barabara hiyo hiyo imemweka mpishi mbali na mlaji, na kadiri wanavyokaa mbalimbali ndivyo chakula kinavyohitaji kusafiri na habari zake.

Tena barabara hii inashuka kutoka kwenye baridi hadi kwenye joto. Mbinga ni mji wa milimani, na usiku wa Juni na Julai watu hujifunika mablanketi. Ziwa Nyasa liko chini sana, na uso wake hauzidi mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Wali unaoweza kuonekana haujaharibika asubuhi huko Umatengo utakuwa umechacha kabla ya mapambazuko huko Mbamba Bay, Lituhi au Liuli. Kwa hiyo mfanyabiashara aliyezoea milimani akihamia ufukweni na desturi zake za kulaza chakula, anawauzia watu hatari bila yeye mwenyewe kujua. Joto halijali mazoea yake.

La pili ni umeme. Tangu njia kuu ya umeme kutoka Makambako ilipofika Songea mwaka 2018, mkoa wa Ruvuma umeunganishwa na gridi ya taifa, na majokofu yameongezeka madukani na katika hoteli ndogo ndogo. Nalo ni jambo jema. Lakini jokofu limeleta udanganyifu mpya. Watu wengi wanaamini kwamba kilichomo ndani ya jokofu hakiozi. Hii si kweli. Baridi haiui vijidudu, bali inavipunguzia mwendo tu. Tena viko vijidudu vinavyoendelea kuongezeka humo humo katika baridi, polepole, bila kukipa chakula harufu wala kukibadilisha rangi. Na umeme ukikatika, jokofu lisilofunguliwa hutunza baridi yake kwa muda wa saa nne hivi. Lile linalofunguliwa kila mteja anapotaka soda haliwezi kufika hapo. Kesho yake umeme ukirudi, jokofu huwa la baridi tena, na chakula kilichopata joto usiku kucha huonekana kama kilivyokuwa jana. Jokofu lisilo na tarehe ndani yake ni kabati la kufichia siku.

Hapa yafaa tueleze kidogo jinsi chakula kinavyoharibika, maana anayejua sababu hushika kanuni kuliko anayeamrishwa tu. Shirika la Afya Duniani limekuwa likifundisha kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe nje kwa zaidi ya saa 2. Kikihifadhiwa kwenye baridi, baridi hiyo iwe chini ya nyuzi 5. Kikingojea kupakuliwa kikiwa cha moto, moto huo uwe juu ya nyuzi 60. Katikati ya nyuzi 5 na 60 ndipo vijidudu hustawi. Katika hali inayowafaa, baadhi yao huzaliana mara mbili kila dakika 20. Mwenye kalamu na afanye hesabu: kijidudu kimoja kilichoanza saa tano asubuhi, kikienda kwa mwendo huo, kitafika saa kumi na mbili jioni kikiwa zaidi ya milioni mbili.

Wako wasemao, "Tutakipasha moto, moto utaua yote." Nao wamekosea. Moto mkali huua vijidudu vingi, ni kweli, lakini baadhi yao huwa wamekwisha kuacha sumu ndani ya chakula, na sumu hiyo haivunjwi na moto wa jikoni. Wali ni mfano mzuri. Katika mchele hupatikana mbegu za kijidudu fulani ambazo haziuawi na kuchemka kwa sufuria. Wali ukiachwa nje katika uvuguvugu, mbegu hizo huamka, huzaliana na kutoa sumu, na ukiupasha moto asubuhi kwa mafuta na vitunguu unapata wali mtamu wenye sumu ile ile. Mlaji hutapika kabla ya saa sita kupita, akadhani amerogwa au ana malaria. Basi ulimi, pua na moto, mashahidi watatu ambao tumezoea kuwategemea, wote wanaweza kudanganywa. Shahidi asiyedanganyika ni saa: chakula hiki kilipikwa lini, na kimekaa wapi tangu hapo?

Madhara yenyewe si madogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2015 kwamba kila mwaka watu milioni 600 duniani huugua kwa kula chakula kisicho salama, na kwamba 420,000 kati yao hufa. Katika hao wanaokufa, 125,000 ni watoto wenye umri chini ya miaka mitano. Ukilinganisha kwa idadi ya watu, bara letu la Afrika ndilo lililobeba mzigo mkubwa kuliko mabara yote. Kwa mfanyakazi wa kibarua hesabu ni fupi zaidi. Akiugua tumbo siku tatu, amepoteza ujira wa siku tatu, amelipa dawa, na nyumbani wamekosa unga. Mwenye hoteli ameokoa sahani moja ya maharage. Je, haki iko wapi katika biashara hiyo?

Wala tusidhani kwamba mambo haya huwapata maskini wa vijijini peke yao. Katika miaka ya 2017 na 2018 nchi ya Afrika Kusini, yenye viwanda vikubwa na majokofu mengi, ilipatwa na maradhi yaletwayo na kijidudu kiitwacho Listeria. Watu zaidi ya 1,000 waliugua na zaidi ya 200 wakafariki, wengi wao wakiwa watoto wachanga. Mwezi Machi 2018 serikali yao ilitangaza kwamba chanzo kilikuwa poloni, nyama iliyosagwa na kupikwa tayari, ambayo watu huikata na kuila bila kuirudisha jikoni. Hatutaki kumdanganya msomaji: tarehe peke yake isingeyazuia maradhi yale, maana uchafu ulianzia kiwandani. Lakini msiba ule unatufundisha mambo mawili. Kwanza, kijidudu hicho ni miongoni mwa vile vinavyoongezeka ndani ya jokofu. Pili, bidhaa ilipojulikana kuwa ni mbaya, watu waliweza kuitafuta na kuirudisha kwa kuwa ilikuwa na jina la mtengenezaji. Chakula kisichoandikwa kitu hakiwezi kurudishwa popote, maana hakina kwao.

Nchi nyingine zimefanyaje? Marekani wanayo kanuni ya mfano ambayo majimbo yao huifuata. Chakula kilicho tayari kuliwa na kinachoharibika upesi, kikiandaliwa hotelini na kuwekwa zaidi ya saa 24, lazima kitiwe alama ya siku. Kikiwa katika baridi isiyozidi nyuzi 5 hakiruhusiwi kupita siku 7, na siku ya kupikwa huhesabiwa kuwa ya kwanza. Wakikigandisha, hesabu husimama. Lakini wakikiyeyusha hesabu huendelea pale ilipoachia, haianzi upya. Alama yenyewe inaweza kuwa tarehe, jina la siku, au hata rangi, ilimradi wote wa jikoni na Bwana Afya waielewe.

Sisi hatusemi tuchukue kanuni ya Marekani na kuipiga muhuri wa Mbinga. Siku 7 zinataka jokofu lisilozimika na kipimajoto ndani yake, na hoteli zetu nyingi hazina viwili hivyo. Tunachosema ni kwamba wazo lenyewe ni jepesi, nalo linatufaa tukilipima kwa kipimo chetu. Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, chakula kilichopikwa na kulazwa kwenye jokofu la hoteli au duka kiwekewe alama ya siku kilipopikwa, nacho kiuzwe mwisho kesho yake. Kisichokuwa na alama kihesabiwe kuwa kibovu, na Bwana Afya asibishane nacho.

Pili, umeme ukikatika usiku kwa saa nyingi, vyakula vya namna hii visiuzwe tena asubuhi, hata kama vina alama.

Tatu, maziwa, mtindi, maji ya matunda na vyakula vingine vinavyotiwa katika chupa au mifuko na watengenezaji wadogo viandikwe siku vilipotengenezwa, siku ya mwisho ya kutumiwa, na mahali vilipotoka. Na kama tarehe hiyo ni ya kweli ikiwa tu kitu kimewekwa baridini, basi na hilo liandikwe pia, kama mwongozo wa dunia unavyotaka.

Nne, wenye maduka waondoe wenyewe rafuni bidhaa za kiwandani ambazo muda wake umekwisha, bila kungoja ukaguzi. Anayekwangua tarehe au kubandika nyingine juu yake asihesabiwe kuwa mzembe, bali ahesabiwe kuwa mwizi, maana ameiba siku na kuziuza.

Tunajua patakuwa na manung'uniko, nayo ni haki yasikilizwe. Mama lishe atauliza, "Mnataka nimwage chakula changu? Mtaji wangu ni huo huo." Swali lake ni la haki. Lakini kanuni hii haimwagi chakula chake. Inamfundisha apike kwa kipimo. Akiona kila jioni kwamba sahani kumi zimebaki zenye alama ya leo, kesho atapunguza unga na kuni. Na chakula cha jana kilichotunzwa vizuri hakikatazwi: akiuze kwa bei ya jana. Mnunuzi atakayependa kupunguziwa bei atanunua akiwa anajua anunuacho. Lililo baya ni kukiuza cha jana kwa bei ya leo na kwa jina la leo. Huko ndiko tunakokukataa.

Mwingine atasema kwamba jambo hili lina gharama. Gharama gani? Kipande cha karatasi, kalamu, na gundi au uzi. Wale wasiojua kuandika watumie nyuzi za rangi, kila siku ya juma na rangi yake, na orodha ya rangi ibandikwe ukutani mahali pa wazi. Watengenezaji wadogo wanaotaka kupanda na kupata alama ya ubora ya TBS wanaye mwenzi wa kuwasaidia: Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, huwaongoza watu wa namna hiyo. Anayeweka tarehe leo kwa kalamu ya wino amekwisha kuanza safari ya kuiweka kesho kwa mashine.

Tena tusimsahau mfanyakazi wa ndani ya hoteli yenyewe. Yeye ndiye anayeamriwa na bosi wake, "Peleka kile cha juzi kwanza." Akikataa, kazi iko hatarini, akipeleka, anamlisha mfanyakazi mwenzake sumu. Kanuni ya maandishi inamwokoa katika mtego huo, maana ataweza kusema, "Mzee, alama inasomeka, na Bwana Afya ataiona." Kwa sababu hiyo twaona kwamba chama cha wafanyakazi wa hoteli, CHODAWU, kina sababu ya kulishika jambo hili kama kinavyoshika habari za mishahara. Na TAMICO, chama cha wafanyakazi wa migodi, kiliulizie katika vibanda vya chakula vinavyowalisha watu wa makaa ya mawe.

Liko neno moja zaidi, nalo ni la lugha. Pakiti nyingi zinazofika Mbinga zina tarehe, lakini zimeandikwa kwa herufi za Kiingereza na kwa namna isiyoeleweka. Mnunuzi anaona 04/03, naye hajui kama ni tarehe 4 Machi au tarehe 3 Aprili, maana ziko nchi zinazoanza na siku na ziko zinazoanza na mwezi. Tena ziko tarehe za namna mbili. Moja husema kwamba kitu ni kizuri zaidi kabla ya siku fulani. Ikipita, ladha inaweza kupungua lakini si lazima kiwe na madhara. Nyingine husema kisitumiwe baada ya siku hiyo. Ikipita, ni hatari. Asiyejua tofauti hii atatupa kitu kizuri na kula kibaya. Kwa nini basi isiandikwe kwa lugha ya taifa, na mwezi kwa jina lake, "Kisitumiwe baada ya Machi 4"? Na kila mnunuzi ajue pia kwamba tarehe ya pakiti ni ya pakiti isiyofunguliwa. Maziwa yaliyotiwa tarehe ya miezi mitatu mbele, yakishafunguliwa, tarehe ile haiyahusu tena.

Sasa nani afanye nini? Mbinga leo ina Halmashauri ya Mji na Halmashauri ya Wilaya, na wilaya ya Nyasa, iliyozaliwa kutoka Mbinga mwaka 2012, ina halmashauri yake Mbamba Bay. Halmashauri zina madiwani wenye uwezo wa kutunga sheria ndogo, na zina maafisa afya wenye uwezo wa kuingia jikoni. Twawaomba madiwani wa pande zote mbili, wa milimani na wa ufukweni, walizungumze jambo hili pamoja, maana chakula kinapita barabara moja, na haifai kanuni ife mahali lami inapovuka mpaka. Twawaomba maafisa afya wasianze na faini. Waanze na mafundisho ya miezi michache, wapite sokoni, stendi na bandarini wakionyesha alama zinavyowekwa, ndipo baadaye wawe wakali kwa wakaidi. Sheria inayoanza na rungu kwa mama lishe na kumalizika na kahawa mezani kwa mwenye hoteli kubwa haitapata heshima ya mtu.

Vyama vya msingi vya ushirika vya kahawa navyo vina nafasi. Msimu wa mavuno unapofika, mamia ya watu hulishwa mahali wanapokoboa kahawa. Chama kinachojua kuandika kilo za kila mkulima bila kukosea hakishindwi kuandika siku juu ya kifuniko cha sufuria. Kianze chenyewe, kiwe mfano.

Na wanachama, na wafanyakazi, na wanunuzi wote, kazi yenu ni kuuliza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Ukikaa mezani, uliza bila ukali na bila haya: "Mama, hiki kimepikwa lini?" Mpishi mwaminifu hatakasirika, atafurahi kusema, "Sasa hivi, baba, bado kina moshi." Atakayekasirika amekwisha kukujibu. Ukiona pakiti isiyo na tarehe, irudishe rafuni na umwambie mwenye duka sababu. Wanunuzi kumi wakifanya hivyo katika juma moja, mwenye duka atabadilika kabla Bwana Afya hajavaa viatu.

Umoja wa Mataifa umeiweka Juni 7 ya kila mwaka, tangu 2019, kuwa siku ya kukumbuka usalama wa chakula duniani. Tungependa Juni 7 ijayo, badala ya hotuba peke yake, mtu aingiaye katika hoteli ya Mbinga au Mbamba Bay afungue jokofu na kukuta kila bakuli limeandikwa siku yake. Sherehe hiyo ingetutosha.

Tulianza na mama aliyefunika chungu chake usiku. Mama huyo hawezi kumpa mwanawe chakula asichokijua siku yake. Tunalodai ni kwamba mfanyakazi aliye mbali na nyumbani, anayekula kwa fedha ya jasho lake, apewe uangalifu ule ule anaopewa mtoto wa nyumba. Kwao alikuwa na mama wa kumwambia kilipikwa lini. Hotelini na amwambie karatasi. Kinacholala kiandikwe.